Umelipia mkate wa kumimina, umeletewa keki

Siku hizi ukitaka kujua kama mtaa umechangamka, angalia kama una bekari ya kisasa. Vioo mbele, kiyoyozi ndani, muziki laini, keki zimepangwa kabatini kama dhahabu za sonara. Hapo ndipo wachumba wanapoonja keki ya harusi, na ndipo mtu anapokimbilia akisahau siku ya kuzaliwa ya mwenzake. Mimi sina ugomvi na maduka hayo. Ugomvi wangu ni neno moja tu linaloandikwa ubaoni: ‘halisi’.

Mkate wa Kifaransa halisi. Mahamri halisi ya Mombasa. Mkate wa kumimina halisi wa Zanzibar. Neno hilo likishabandikwa, bei inapanda hapo hapo. Swali langu ni hili: ukilifungua boksi nyumbani, unakuta nini?

Futari ya wakwe

Nakupa mfano wangu mwenyewe. Ramadhani moja wakwe zangu walivuka kwa boti kutoka Unguja kuja kufuturu nasi Dar es Salaam. Mimi nimezaliwa Moshi. Nipe ndizi na nyama nitakupikia nimefumba macho. Mume wangu ni mtoto wa Unguja, na kwao futari isiyo na mkate wa kumimina haijakamilika. Ilikuwa mara ya kwanza mama mkwe anakula kwangu tangu nifunge ndoa. Wanawake wenzangu mnajua uzito wa siku kama hiyo.

Kwa kuwa kazini natoka jioni, mkate niliuagiza siku tatu kabla, kwenye bekari moja yenye jina mjini. Nilimwandikia mhusika kwenye WhatsApp, akanijibu kwa maandishi: mchele, tui la nazi, iliki, kama unavyopikwa visiwani. Mikate mitatu, shilingi 45,000. Nikatanguliza 30,000 kwa simu.

Siku ilipofika, tuliambiwa saa kumi jioni kila kitu kitakuwa tayari. Mume wangu akafika saa kumi na robo. Dada wa kaunta hakuinua hata macho kwenye simu yake.

“Bado, kaka. Subiri.”

Hakuna kiti, hakuna samahani, hakuna aliyesema itachukua muda gani. Mtu amefunga tangu alfajiri, anazungukwa na harufu ya mikate, anasubiri kama anaomba msaada. Saa kumi na mbili kasoro robo ndipo alipomalizia 15,000 na kukabidhiwa maboksi matatu yenye utepe wa dhahabu. Alipoomba risiti, akaambiwa mashine imegoma. Akaingia kwenye foleni, na adhana ya Magharibi ilimkuta njiani. Wageni wakafungua kwa tende na maji, wakamsubiri.

Tukafungua maboksi. Kwa macho, mambo yalikuwa safi. Mama mkwe akakata kipande, akakinusa, akatafuna taratibu.

“Mkate mtamu, mwanangu,” akasema. “Ila huu si wa kumimina. Hii keki.”

Sauti yake haikuwa na ubaya wowote. Lakini wifi yangu aliziba mdomo kuficha kicheko, mume wangu akainamia bakuli la uji, na mimi nikahisi masikio yanawaka moto.

Tofauti iko wapi?

Pale pale mkekani mama akatupa somo. Mkate wa kumimina ni wa mchele. Mchele unaloweshwa usiku kucha, unasagwa pamoja na tui zito la nazi, unatiwa sukari, iliki na hamira, kisha unaachwa uumuke. Ndipo unapomiminwa kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, na jina limetoka hapo hapo. Zamani, na kwa wengi hata leo, unapikwa kwa mkaa: moto chini, moto juu ya mfuniko.

Ukiukata unaona vitundu vitundu ndani. Unanata kidogo mkononi, na kinywani unakuta nazi kwanza, iliki baadaye. Tulioletewa sisi ulimong’onyoka kama keki, na harufu yake ilikuwa ya arki ya vanila. Unga wa ngano, hamna ubishi.

Kwa nini mtu abadilishe? Kwa sababu mkate wa mchele una kazi. Lazima ukumbuke kulowesha tangu jana, ukune nazi na kukamua, usubiri kuumuka. Na kitu chenye tui, kwa joto la Dar, hakilali. Usipouza leo, kesho unamwaga. Rojo la unga wa ngano halina masharti hayo. Bekari inakoroga mara moja, inatia nazi ya unga hapa, chokoleti pale, na kila sufuria inapata jina lake.

Tuelewane. Unga wa ngano si sumu, na ile keki ilikuwa nzuri tu. Wangeiandika ‘keki ya nazi’ na kuipangia bei ya keki, ningeinunua na kuwasifia. Kinachoniuma ni kuuziwa jina. Tena fikiria mtu ambaye mwili wake haupokei ngano, amechagua mkate huo kwa sababu ameambiwa ni wa mchele. Huyo hatakasirika tu, ataugua.

Usiku ule chumbani

Wageni walipolala, mimi na mwenzangu tukaanza ligi yetu. Mimi nilisema kesho naenda kudai. Yeye akasema tuyaache.

“Elfu arobaini na tano ndiyo ya kugombania?” akaniuliza. “Watatuona wakorofi. Mama mwenyewe kasamehe.”

Nadhani nyumba nyingi zina wawili kama sisi. Mmoja anaona kulalamika ni kujishushia heshima, mwingine anaona kunyamaza ndiko kujishusha. Tumelelewa hivyo: mgeni hasemi chakula kibaya, na mtu mstaarabu haleti vurugu dukani. Ni malezi mazuri sana, sebuleni. Dukani mambo ni tofauti. Pale hukualikwa, umelipa. Muuzaji akiona kila mteja anameza na kuondoka, anajifunza kwamba usanii unalipa.

Tulikubaliana hivi: mimi ndiye nitakayezungumza, yeye atanisindikiza, na hakuna atakayepandisha sauti. Makubaliano hayo yalitusaidia kuliko hasira zote. Hakuna kitu kibaya kama wapenzi wanaofika kaunta mmoja akidai haki na mwingine akimvuta mkono, “basi mama, twende zetu.” Muuzaji akishaona ufa huo, kesi imekwisha.

Meneja alikuja na tabasamu.

“Dada yangu, mkate huu wateja wote wanaupenda. Wewe ndiye wa kwanza kulalamika.”

“Kaka, sijasema ni mbaya,” nikamjibu. “Nasema sio nilichonunua.”

Nikamwonyesha maandishi yao wenyewe: mchele, tui, iliki. Nikamwonyesha na ujumbe wa malipo. Akamwita mpishi, nadhani ili anizime. Kijana wa watu akatoka jikoni na aproni yake, akaulizwa, akajibu bila kujua kuna nini:

“Bosi, si ulisema mchele tuache tangu mwaka jana?”

Kimya. Hata dada wa kaunta aliinua macho siku hiyo.

Nikapewa ofa ya keki ya bure. Nikaikataa kwa shukrani, nikaomba vitu viwili: pesa yangu na ubao usomeke ukweli. Pesa ilirudi kesho yake, yote. Ubao nao niliuona baadaye: ‘halisi’ limefutwa, jina la mkate limebaki, bei ni ile ile. Nusu shari, nusu heri.

Jina lina thamani

Kuna watakaosema haya ni makuzi, mkate ni mkate tu. Waangalie Wafaransa. Mwaka 1993 walitoa amri ya serikali inayosema mkate unaouzwa kwa jina la ‘mkate wa jadi wa Kifaransa’ usigandishwe hata hatua moja ya utengenezaji wake, na usitiwe viongezeo. Mwaka 1998 wakaongeza sheria: duka haliruhusiwi kujiita ‘boulangerie’, yaani duka la mwoka mikate, kama unga haukandwi, haufinyangwi na hauokwi pale pale linapouzia. Anayeuza mikate iliyogandishwa kiwandani ruksa kuuza, ila atafute jina lingine. Mwaka 2022 UNESCO ikauingiza ufundi wa mkate wao mrefu, bageti, kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Kwa hiyo siku nyingine ukiona bango la ‘mkate wa Kifaransa halisi’ hapa mjini, una haki ya kuuliza: unga umekandwa hapa hapa, au umetoka kwenye friji?

Na wewe hapa nyumbani hujaachwa hivi hivi. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kusema uongo au kupotosha kuhusu bidhaa anayouza, na mwenye jukumu la kuisimamia ni Tume ya Ushindani. Usalama na ubora wa chakula, tangu mwaka 2019, uko chini ya Shirika la Viwango, yaani TBS. Mkate ukiwa mwepesi kuliko ulivyoandikwa, hiyo ni kazi ya Wakala wa Vipimo. Na tarehe 15 Machi inaadhimishwa kila mwaka duniani kuwa siku ya haki za mlaji, kwa kuwa siku hiyo mwaka 1962 Rais John F. Kennedy wa Marekani alizitaja haki nne katika ujumbe wake kwa Bunge lao: usalama, kujulishwa, kuchagua na kusikilizwa. Haki ya nne ndiyo tunayoitupa wenyewe tunapokaa kimya.

Fanya hivi

Kabla ya kutanguliza pesa, iwe keki ya harusi au mkate wa futari, zingatia haya:

1. Uliza kilichomo, sio jina. “Mkate wa kumimina mnao?” watakujibu ndiyo. “Mnatumia mchele au ngano? Siagi au majarini? Tui la nazi au arki?” Hapo ndipo utakapoona nani anajua jikoni kwake kuna nini.

2. Pata jibu kwa maandishi. Ujumbe wa simu unatosha. Viandikwe viungo, idadi, bei, saa ya kuchukua, na nini kitafanyika wakichelewa.

3. Onja kwanza. Kwa keki ya harusi hili halina mjadala. Bekari inayojiamini haitakunyima kipande.

4. Dai risiti. Hata sheria ya kodi inamtaka mnunuzi aidai. Mashine ‘ikigoma’, omba waandike kwa mkono, na tunza ujumbe wa malipo.

5. Fungua boksi hapo hapo. Kata kipande mbele yao. Utepe wa dhahabu usikutishe.

6. Mkiwa wawili, panganeni. Nani atasema, mnataka nini: pesa, kitu kingine, au samahani tu? Mkiyamaliza nyumbani, hamtagombana barabarani.

7. Sema na mwenye uamuzi. Kumfokea dada wa kaunta ni kumwonea. Mara nyingi hata yeye hajui kilichoingia kwenye sufuria. Muombe meneja, ongea taratibu, onyesha ushahidi.

8. Sifia panapostahili. Magomeni, Ilala na Kariakoo, ukifika mwezi wa Ramadhani, wapo akina mama wanaotandaza meza jioni na mkate wa mchele wa kweli, bila utepe wala kiyoyozi. Wape pesa yako na uwaelekeze rafiki zako.

Mwisho, neno kwa ndugu zetu wa bekari. Hatuwaombi mpike kama bibi zetu. Pikeni mnavyoweza, uzeni mnachopika, na mkiite jina lake. Mteja atakusamehe kuchelewa akiombwa radhi, na atakusamehe keki iliyoungua upande ukimwambia mapema. Lakini mtu aliyekuamini na meza ya wakwe zake, ukamwaibisha, hata ukimrudishia pesa yote atapita mbele ya vioo vyako akitazama upande wa pili wa barabara.