DAMU IKIGANDA MAPAFUNI

Wakati wa likizo ya mwaka jana nilikuwa nyumbani Tarakea. Mama mdogo alikuwa na siku nane tu tangu ajifungue. Mguu wake wa kushoto ulivimba, nao wa kulia ulikuwa mzima. Majirani walisema amekanyaga dawa. Katika zahanati moja aliambiwa kuwa ni uchovu wa uzazi, akapewa vidonge vya maumivu. Usiku wa pili pumzi ilimkatika. Tulimpakia garini, tukaishika njia ya Mkuu na Himo mpaka Moshi. Huko mganga aliutazama mguu kwanza, kisha akaagiza kifua kipigwe picha. Damu ilikuwa imeganda mapafuni. Alitibiwa, na leo yu mzima.

Yafaa tujue ugonjwa huu ni nini. Mtu akilala kitandani siku nyingi, akipasuliwa, akivunjika mguu au akijifungua, damu yaweza kuganda katika mishipa ya mguu. Pande hilo likikatika huchukuliwa mpaka moyoni, na moyo hulisukuma mapafuni, likaziba njia. Dalili zake ni hizi: mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kukatika ghafula, kifua kuchoma mtu avutapo pumzi, na pengine kukohoa damu. Dawa zipo, kama sindano za heparini na vidonge vya warfarini, lakini lazima mgonjwa awahi.

Je, ugonjwa huu huchagua rangi? Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Mulago, Uganda, aliandika mwaka 1972 kwamba ni nadra kwa Waafrika. Yeye alidhani sababu ni chakula chetu chenye makapi mengi, wala si damu yetu. Lakini hatari ya habari kama hiyo ni moja: mganga asiyeutazamia ugonjwa hautafuti, na asipoutafuta hauoni. Tena huko Marekani watu weusi hufa kwa ugonjwa huu zaidi kuliko weupe.

Wakati wa ukoloni, hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikwenda ile ya Sewa Haji. Ubaguzi huo kila mtu aliuona. Wa siku hizi waweza kujificha hata ndani ya chombo. Kipo chombo kidogo kinachobanwa kidoleni ili kupima oksijeni katika damu. Hupitisha mwanga katika ngozi, na weusi wa ngozi waweza kuharibu hesabu yake. Mwaka 2020 waganga wa Michigan, Marekani, walitangaza kwamba chombo hicho kilishindwa kuonyesha upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Mgonjwa anatweta, chombo chasema hajambo!

Basi, wazazi na wanafunzi wenzangu, tusiseme ugonjwa huu ni wa Wazungu, wala tusiseme mtu amekanyaga dawa. Mzazi aliyejifungua akivimba mguu mmoja, apelekwe hospitali siku ile ile. Mwelezeni mganga habari zote: alijifungua lini, mguu upi, pumzi ilianza kukatika saa ngapi. Chombo kikisema hajambo na mgonjwa bado anatweta, mwombeni kwa adabu atazame tena. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV