Muuguzi Si Daktari Aliyeishia Njiani

Nimeulizwa tena, safari hii na baba ambaye binti yake amemaliza shahada ya uuguzi: "Sasa asome nini ili awe daktari?" Binti hajasema anataka udaktari. Amesema anataka siku moja aongoze huduma za uuguzi katika hospitali ya rufaa, na baba amelisikia hilo kama kukata tamaa.

Swali hili limenichosha kwa sababu lina madhara. Linawaondoa wodini vijana wenye vichwa vizuri, na wanaobaki linawafundisha kujidharau.

Imani iliyo nyuma yake ni kwamba hospitali ni ngazi moja: daktari juu, muuguzi katikati, na mwenye akili lazima aendelee kupanda. Si kweli. Tanzania uuguzi na ukunga vina sheria yake ya mwaka 2010 na baraza lake linalosajili na kutoa leseni. Muuguzi anawajibika kwa uamuzi wake mwenyewe. Akikuta dozi iliyoandikwa inatia shaka, wajibu wake ni kusimama na kuuliza. Kusema baadaye kwamba aliagizwa hakumwokoi yeye, wala mgonjwa.

Mfikirie mama aliyejifungua kwa upasuaji, saa nane usiku. Daktari yuko chumba cha upasuaji na mgonjwa mwingine, mahali anapotakiwa kuwa. Mapigo ya moyo ya mama yanaanza kupanda, ingawa shinikizo la damu bado linaonekana zuri. Wa kuliona hilo, kushuku kwamba damu inavuja ndani na kumwita daktari mapema ni muuguzi au mkunga wa zamu. Akiwa peke yake na wagonjwa 30, hataliona. Nani aliamua awe peke yake? Nani alitakiwa kujua kwamba wodi ile, usiku ule, inahitaji mkunga mzoefu na si wawili waliotoka chuo juzi? Ni mkurugenzi wa huduma za uuguzi na ukunga, yule ambaye wengi mnamwita matroni na kudhani kazi yake ni kukagua sare na kusuluhisha ugomvi wa zamu.

Uzito wa maamuzi yake umepimwa. Linda Aiken, ambaye mwenyewe ni muuguzi, na wenzake walichunguza hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2002. Kila muuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 tangu alazwe ulikuwa juu zaidi kwa asilimia 7. Mwaka 2014 yakatoka matokeo ya Ulaya, nchi 9, hospitali 300, wagonjwa zaidi ya 420,000. Picha ikawa ile ile, tena hospitali zenye wauguzi wengi wa shahada zilikuwa na vifo vichache. Tafiti hizi zinaonyesha uhusiano. Hazisemi kwamba idadi ya wauguzi ndiyo sababu pekee. Lakini ukishazisoma, huwezi tena kupanga zamu kwa mazoea, wala kukaa kimya kwenye kikao cha bajeti ikama ya wauguzi inapokatwa ili kununua magari. Daktari bingwa hajafundishwa kazi hiyo. Imo ndani ya uuguzi, na inataka akili ileile mnayotaka kuihamisha.

Mnaosema uuguzi una mwisho, Sheila Tlou wa Botswana ni muuguzi. Aliongoza Wizara ya Afya ya nchi yake kuanzia 2004 hadi 2008.

Haya, njia yenyewe, kwa haraka. Mwenye cheti au stashahada ajiendeleze hadi shahada, leseni ikiwa hai wakati wote. Akae wodini miaka ya kutosha, usiku ukiwemo, na sehemu ya miaka hiyo iwe kwa wagonjwa mahututi. Aombe kuongoza zamu, kisha wodi, kisha idara. Aingie kamati ya kuzuia maambukizi, kwa sababu huko ndiko takwimu za hospitali zinakosomwa kwa makini. Shahada ya uzamili achukue ya uuguzi, afya ya jamii au utawala wa huduma za afya. Ya biashara peke yake, bila wodi nyuma yake, haimfai. Kama moyo wake uko kwenye udaktari, aende, lakini aende kwa kuupenda. Na asisubiri kuteuliwa kwa sababu ya umri kazini. Nafasi ikitangazwa, aombe akiwa na ushahidi wa wodi aliyoiongoza: vidonda vya kulalia vilipungua kiasi gani, maambukizi ya vidonda vya upasuaji yalikuwa mangapi, na wauguzi wangapi walibaki chini yake badala ya kuomba uhamisho.