Maji peke yake hayatoshi: Siku nzima na watoto kwenye mto wa jangwani

Saa nane mchana, mtoto aliyekuwa akipiga kelele tangu asubuhi alinyamaza.

Tulikuwa watu wanane ndani ya boti la mpira, katikati ya Mto Colorado, jimbo la Utah nchini Marekani, kuta za mawe mekundu zimesimama huku na huku. Mpwa wangu wa miaka tisa, ambaye kila tulipovuka wimbi alitaka turudi tulivuke tena, aliweka kasia lake mapajani na kuegemea ubavu wa boti. Nikamuuliza kama anaumwa. "Hapana, mama mdogo." Dakika chache baadaye akasema kichwa kinamuuma. Kisha akatapika.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimeandika kuhusu watoto na joto zaidi ya mara moja. Nilichofanya ni kufungua chupa ya maji na kumsisitiza anywe, anywe tu.

Nahodha wetu, msichana ambaye nadhani tunalingana umri, alinyoosha mkono akaishusha ile chupa taratibu. "Subiri kwanza," alisema. "Amekula nini tangu asubuhi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka. Si mimi, si dada, si shemeji.

Dada yangu na familia yake wanaishi Salt Lake City, mji ambao ukienda sokoni Jumamosi unaweza kusikia Kiswahili cha Kongo na cha Burundi kabla hujafika kwenye mboga. Kutoka hapo hadi mji mdogo wa Moab ni karibu kilomita 375, mwendo wa saa nne kwa gari. Huko kuna kampuni nyingi zinazopeleka watu mtoni kwa siku moja: basi linakuchukua asubuhi, mnapanda boti kwenye saa tatu au saa nne, mnakula mchana ufukweni, na kwenye saa kumi jioni mnashuka. Ilikuwa katikati ya Juni, shule zimefungwa, na watoto walikuwa wameisubiri safari hiyo kwa wiki nzima.

Mto wenyewe una urefu wa zaidi ya kilomita 2,300. Unaanza na theluji ya Milima ya Rocky, unateremka hadi jangwani. Jina lake ni la Kihispania, lina maana ya wekundu, na ukichota maji yake ukayaweka kwenye glasi utaona sababu: ni udongo mtupu. Mwaka 1869 mwanajeshi mmoja wa zamani mwenye mkono mmoja, John Wesley Powell, aliondoka na wenzake tisa kwa boti nne za mbao kwenda kupita makorongo ya mto huu, wakati ambapo ramani yake haikuwapo. Kipande tulichopita sisi, kama kilomita 20 hivi chini ya minara ya mawe iitwayo Fisher Towers, ni cha familia. Mawimbi ya mito hupangwa kwa madaraja kuanzia la kwanza hadi la sita, na hapa mengi ni ya kwanza na ya pili. Mbele kidogo upande wa juu kuna korongo la Westwater lenye maji makali zaidi. Huko si kwa watoto wadogo.

Ni pazuri. Mnara mmoja wa mawe una urefu wa mita 270 hivi, mwembamba kama mtu kausimamisha kwa mkono. Maji yanapotulia unasikia ndege tu na kasia. Nasema hivi ili mzazi asije akadhani naandika kumtisha.

Kabla hatujagusa maji, nahodha alitupanga ufukweni na kuanza na majaketi ya kuokolea maisha. Hapa alichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kila jaketi lina maandishi ndani yanayotaja uzito wa mvaaji, na mtoto huvalishwa kwa uzito wake, si kwa umri na si kwa kukisia kwa macho. Mpwa mdogo, wa miaka sita, alipewa la kilo 14 hadi 23, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu ili lisimvuke kichwani akiwa majini. Kaka yake alipewa la kilo 23 hadi 41.

Baada ya kufunga vifungo vyote, nahodha alishika mabega ya kila jaketi na kuvuta juu kwa nguvu. Likipanda hadi kwenye masikio, limelegea au ni kubwa. Mdogo alilalamika linambana, na dada akataka kulilegeza kidogo. Nahodha alikataa, kwa tabasamu lakini alikataa. Jaketi linalombana mtoto akiwa nchi kavu ndilo litakalobaki mwilini mwake mtoni.

Nilikumbuka vivuko na mitumbwi ya kwetu, majaketi yaliyofungwa kwa kamba kwenye paa, mengine hayana hata kifungo kimoja. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Karibu robo walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Kisha akatufundisha kuanguka. Ukitumbukia, lala chali, miguu mbele kuelekea mto unakokwenda, vidole vya miguu vionekane juu ya maji. Usijaribu kusimama hata kama maji ni ya kiunoni, kwa sababu mguu ukinasa kati ya mawe mto hautakusubiri uunasue. Utakusukuma uso kwa uso na maji. Watoto walilazwa mchangani wafanye mazoezi, wakadhani ni mchezo, wakacheka sana. Akauliza nani hajui kuogelea. Shemeji na mimi tulinyoosha mikono. Hakutucheka, alitupanga tu viti vya karibu naye.

Jambo la kandambili nalo lilitatuliwa hapo hapo. Kandambili hukaa dakika tano mtoni kisha zinaondoka na maji. Raba za zamani zilizofungwa kamba zinatosha.

Asubuhi ilikwenda vizuri mno. Wimbi linakumwagia maji ya baridi unatetemeka, dakika kumi baadaye umekauka kabisa na midomo imepasuka. Joto lilipanda hadi nyuzi 38. Hili la jangwani ni tofauti na la Dar es Salaam. Pwani ukitoka jasho, shati linakuambia. Jangwani hewa ni kavu kiasi kwamba jasho linakauka kabla hujaliona, na unaweza kupoteza maji na chumvi nyingi huku unajiona mkavu na salama.

Sisi tulilijua hilo kwa nusu. Tulijua maji. Dada alikuwa amenunua chupa kubwa kwa kila mtoto na kila robo saa mtu mzima mmoja alikuwa akisema, "Kunyweni maji." Mpwa alitii. Alikuwa mtiifu kuliko sisi wote.

Chakula cha mchana ndicho tulichokosea. Mikate ya nyama baridi na haradali, saladi, matunda, vyote kutoka kwenye deli la barafu. Mtoto aliyezoea wali na maharage ya mama yake aliangalia ule mkate, akaula ukingo, akakimbilia mchangani kucheza. Asubuhi kwa ajili ya furaha hakunywa chai vizuri. Tuliona, tukasema atakula jioni. Kila mzazi amewahi kusema hivyo.

Kwa hiyo nahodha alipouliza amekula nini, jibu la kweli lilikuwa: karibu hajala kitu. Swali lake la pili lilikuwa amekojoa mara ngapi na mkojo ulikuwa rangi gani. Baba yake, aliyekuwa akimpeleka pembeni, alisema mara nyingi, na mweupe kama maji. Hilo ndilo lililomfanya azuie ile chupa.

Mtoto aliyeishiwa maji kwa kawaida hukojoa kidogo, mkojo mzito wa njano iliyokolea. Anayekojoa mara kwa mara mkojo mweupe, halafu anaumwa kichwa na kutapika kwenye joto, huenda maji anayo tele ila chumvi imepungua. Mwili unapoteza sodiamu kupitia jasho, mtu anarudisha maji matupu bila chakula, na damu inazidi kuwa nyepesi. Ikizidi sana ubongo huvimba: mtoto anachanganyikiwa, anapata degedege, anaweza kufa. Chini zaidi ya mto huu huu, kwenye korongo kubwa la Grand Canyon, wasimamizi wa hifadhi huwaonya wageni wasinywe maji tu bali wale vitu vyenye chumvi kadiri wanavyokunywa. Kujua kwa uhakika ni tatizo lipi kunahitaji kipimo cha damu. Mtoni huna maabara, una maswali mawili: amekula nini, amekojoa vipi.

Tuliegesha boti kwenye kivuli cha mwamba. Simu zetu hazikuwa na mtandao tangu asubuhi, yeye alikuwa na redio. Alilowesha kofia na shati la mtoto, akamkalisha, akampa biskuti za chumvi chache chache na kinywaji cha kuongeza chumvi mwilini kwa vijiko, si kwa glasi. Alikuwa akimuuliza jina lake, darasa lake, jina la mdogo wake. Nilidhani anampotezea mawazo. Baadaye alinieleza kwamba alikuwa anapima akili yake. Mtoto anayejibu sawasawa mnaweza kumtibu kivulini. Anayejibu ovyo, anayeyumba, anayepata degedege au asiyeamka ni wa kukimbizwa hospitali, na kama mwili wake unawaka moto mnammwagia maji na kumpepea mkiwa njiani, hamsubiri mfike.

Zilipita kama dakika 40. Dada hakuzungumza muda wote huo, alikuwa ameshika kisigino cha mtoto. Kisha mpwa akauliza kama wimbi kubwa limeshapita.

Nimelitafakari sana lile la chupa. Ushauri wa "kunywa maji mengi" ninauandika kila msimu wa joto, na si uongo, ila umekatwa nusu. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mtoto wa miaka 9 hadi 12 anayecheza kwenye joto anywe mililita 100 hadi 250 kila dakika 20, yaani kati ya nusu glasi na glasi moja. Siku inapokuwa ndefu na jasho jingi, chakula chenye chumvi au kinywaji chenye chumvi na sukari kiwe kinaambatana nayo.

Kwetu dawa hiyo haina ugeni wowote. Ni ile ile ORS tunayompa mtoto anayeharisha: pakiti moja kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti yenyewe. Ukikosa pakiti, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa lita moja, vyote vya kusawazisha, si vya mlima. Usizidishe chumvi kwa kudhani unasaidia. Njugu za chumvi, krispi, hata muhogo wa kukaanga uliotiwa chumvi vinafaa kubebwa, mradi ni kitu ambacho mtoto wako anakula kweli. Hilo la mwisho ndilo tulilolipuuza. Safarini si siku ya kumfundisha mtoto chakula kipya.

Huhitaji kwenda Utah ili haya yakuhusu. Familia na shule nchini Kenya hupelekana Sagana, kama kilomita 100 kutoka Nairobi, kushuka Mto Tana kwa boti za mpira. Uganda kuna Jinja, ambako Mto Nile una mawimbi ya hadi daraja la tano pamoja na vipande tulivu vya familia. Mzazi unayelipia safari kama hiyo, au unayesaini fomu ya shule, uliza daraja la maji, uliza kama yapo majaketi ya uzito wa mtoto wako, uliza nani anajua huduma ya kwanza na wanawasiliana vipi pasipo na mtandao. Mwandaaji mzuri hakasiriki kuulizwa. Wetu aliuliza yeye kwanza: nani ana pumu, nani anatumia dawa, nani ana mzio.

Na mafuta ya kujikinga na jua msiyaache nyumbani. Shemeji alisema sisi weusi hatuungui. Jumanne shingo yake ilikuwa inabanduka.

Tulishuka saa kumi na nusu. Kwenye basi mpwa alilala begani kwangu, na mimi, kwa woga, nikawa namwamsha kila baada ya dakika kumi kuhakikisha anajibu. Mara ya tatu alifungua jicho moja akasema, "Mama mdogo, niache nilale." Halafu akauliza kama zile biskuti zimebaki.