Soda nne, chumvi moja na jiko la mkaa: kemia ya kidato cha pili kwa lugha ya mtaani

Niliposema nitaanza kuelezea masomo ya sayansi hapa, walioomba kemia walikuwa wengi kuliko wote, na karibu wote waliomba kitu kimoja: atomu, isotopu, na yale majina marefu ya kampaundi. Haya, twende kazi.

Kwanza niseme ukweli mmoja. Tunasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, tukifika sekondari kila kitu kinageuka Kiingereza. Matokeo yake mtu anakremu majina ishirini ya kampaundi kwa ajili ya pepa, halafu kampaundi zenyewe ziko jikoni kwao kwenye kopo na wala hazitambui. Kwa hiyo leo naanzia dukani.

Ukienda duka lolote la kwetu ukisema "nipe soda", muuzaji anaweza kukupa vitu vinne tofauti. Kuna soda ya chupa ya kunywa. Kuna soda ya maandazi. Kuna magadi, yale ya kulainishia maharage na makande, ambayo ndugu yake aliyesafishwa kiwandani anaitwa soda ashi. Na kuna kostiki soda ya watengeneza sabuni. Ya kwanza unakunywa, ya nne inaweza kukutoboa koo. Neno ni lile lile! Ndiyo maana wakemia walichoka na majina ya mtaani wakatunga yao.

Sasa tuingie ndani. Kila kitu kimeundwa na atomu. Katikati ya atomu kuna kiini chenye protoni na nyutroni, na nje kuna elektroni. Kiini ni kidogo mno. Chukua punje moja ya uwele, iweke katikati ya uwanja wa mpira. Punje ndiyo kiini cha atomu ya sodiamu, na elektroni zinazunguka mpaka kule magolini. Katikati hapo hakuna kitu, pametupu.

Kinachoamua hii ni elementi gani ni idadi ya protoni, basi. Ukiwa na protoni 11 wewe ni sodiamu, uwe Bariadi au mwezini. Ukiwa na 17 wewe ni klorini. Ukiwa na 79 wewe ni dhahabu, na ndiyo maana wale wanaodai wana dawa ya kugeuza shaba kuwa dhahabu (shaba ina protoni 29) ni matapeli tu. Dawa haigusi kiini. Kemia yote ya maabara inacheza na elektroni za nje.

Wengi wanauliza kwa nini alama ya sodiamu ni Na wakati jina lake halina N. Jibu liko hapa hapa Tanzania. Umesikia Ziwa Natron, kule Arusha mpakani na Kenya, la flamingo? Natron ni neno la zamani kutoka Misri, maana yake ni magadi. Kutoka hapo Walatini wa baadaye wakapata natriamu, ndipo ikatoka Na. Na neno sodiamu limetokana na soda: mwaka 1807 kule London, Humphry Davy alipitisha umeme kwenye kostiki soda iliyoyeyushwa, akapata metali laini yenye kung'aa ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona. Akaipa jina la soda iliyoizaa. Kwa hiyo soda ndiye mzazi, sodiamu ndiye mtoto.

Isotopu sasa, hapa ndipo watu wengi wanapotea. Protoni hazibadiliki, ila nyutroni zinaweza kuzidi au kupungua. Atomu mbili zenye protoni sawa na nyutroni tofauti ni isotopu za elementi ile ile. Ni kama mapacha wawili, mmoja mnene mmoja mwembamba: tabia moja, uzito tofauti. Klorini anayo mapacha hao. Mmoja ana nyutroni 18 (17 + 18 = 35), mwingine ana 20 (17 + 20 = 37). Katika kila atomu 100 za klorini, kama 76 ni za 35 na 24 ni za 37. Piga wastani: 76 mara 35 ni 2,660, na 24 mara 37 ni 888, jumla 3,548, gawa kwa 100 unapata 35.48. Ndiyo ile 35.5 tuliyokuwa tunaikariri bila kuuliza! Hakuna hata atomu moja ya klorini duniani yenye uzito wa 35.5. Ni wastani tu, kama vile familia inavyoweza kuwa na wastani wa watoto wanne na nusu.

Mtu atasema isotopu zinanisaidia nini mimi mkulima wa pamba. Sawa, ila vuka Serengeti upande wa mashariki utafika Olduvai, ambako mwaka 1959 Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus. Umri wake ulijulikana vipi? Kwa isotopu. Majivu na mawe ya volkano yana potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu, kama atomu 12 katika kila 100,000, ni potasiamu 40 ambayo haijatulia. Polepole inageuka, na sehemu yake inakuwa gesi ya agoni. Volkano ikilipuka agoni ya zamani inatoroka kwenye moto, jiwe likipoa saa inaanza kuhesabu upya. Inachukua miaka bilioni 1.25 nusu ya potasiamu hiyo iishe. Mwaka 1961 wataalamu walipima agoni iliyonaswa kwenye tabaka za Olduvai wakapata kama miaka milioni 1.75. Watu walishtuka, maana walidhani binadamu wa kale ni wa karibu zaidi.

Turudi kwenye zile soda. Sodiamu ina elektroni moja ya nje inayomsumbua, anataka kuitoa. Klorini anahitaji moja kujaza nafasi yake. Wakikutana wanamalizana. Na hapa kuna kitu ambacho mimi bado kinanishangaza: sodiamu tupu ukiidondosha majini inaruka na kuwaka, klorini tupu ni gesi ya sumu iliyotumika vitani Ubelgiji mwaka 1915, lakini wakiungana wanakuwa chumvi ya mezani. Kampaundi haina tabia za wazazi wake.

Ndipo yanakuja majina. Kanuni ya msingi: metali inatangulia bila kubadilika, anayefuata anabadilishiwa mkia. Mkia wa -aidi kwa kawaida unamaanisha elementi mbili tu zimeungana: sodiamu kloraidi, NaCl, chumvi. Mkia wa -eti au -aiti unamaanisha oksijeni nayo imo ndani. Kaboneti ni kaboni moja na oksijeni tatu. Kuna mmoja mkorofi, haidroksaidi, ana mkia wa -aidi ila ni oksijeni na haidrojeni pamoja, huyo mzoee tu.

Sasa soma makopo. Soda ashi ni sodiamu kaboneti, Na2CO3. Soda ya maandazi ni sodiamu haidrojeni kaboneti, NaHCO3. Ikipata joto inatoa kaboni dayoksaidi, andazi linavimba. Magadi ya asili yana hizo mbili zimechanganyika pamoja na maji. Kostiki ni sodiamu haidroksaidi, NaOH. Na soda ya chupa? Mapovu yake ni kaboni dayoksaidi. Jina limebaki tu kwa sababu zamani maji ya mapovu yalitengenezwa kwa kutumia ile soda ya maandazi.

Kwa wadau mnaotengeneza sabuni kwa mafuta ya mbegu za pamba, hii naandika polepole. Kostiki inageuza mafuta kuwa sabuni, na haibagui mafuta ya dumu na mafuta ya ngozi yako. Mimina kostiki kwenye maji, usimimine maji kwenye kostiki, maana inachemka ghafla na kukurukia usoni. Usitumie sufuria ya alumini, inaliwa na kutoa haidrojeni inayoshika moto. Tumia ndoo ya plastiki ngumu. Ikiingia jichoni osha kwa maji mengi dakika 20 bila kuacha, kisha hospitali. Mtoto akiinywa usimtapishe, inaunguza koo mara ya pili inaporudi. Na jamani, msiihifadhi kwenye chupa ya soda ya kunywa! Jik nayo, ambayo ni sodiamu haipokloraiti, usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi. Utamtoa yule klorini wa vitani akiwa peke yake, ndani ya choo chako.

Mwisho, mono na dai. Zinapoungana elementi zisizo metali, jina linahesabu: mono ni moja, dai ni mbili. Kaboni dayoksaidi ina oksijeni mbili, unaitoa kwa pumzi kila sekunde chache. Kaboni monoksaidi ina oksijeni moja, na inaua. Mkaa ukipata hewa ya kutosha unatoa zaidi ile ya kwanza, ukibanwa ndani ya chumba unatoa ya pili kwa wingi. Haina rangi, haina harufu. Inashika damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika, kwa hiyo unakosa hewa huku unapumua vizuri tu. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito, na wengine hawaamki. Mkaa ukiwa mwekundu bila moshi ndipo watu wanauingiza ndani wakidhani umeshatulia, na monoksaidi bado inatoka. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Jiko likae nje, na ukimkuta mtu amelegea chumbani kwenye jiko, mvute kwanza mpaka nje kwenye hewa ndipo mtafute gari la hospitali.

Kuna mdau aliuliza kwa nini chuma kina oksaidi zaidi ya moja na namba za Kirumi zinawekwa za nini. Hiyo ni habari ya valensi, inakuja kwenye posti ijayo. Wenye maswali mengine dondosheni hapo chini.