Punguza Faktire ya Umeme, Lakini Usilete Mbabula Chumbani



Kwenye ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia, buti na vumbi la mgodi. Leo tunaingia nyumbani kwako, mpaka jikoni na mpaka chumba cha kulala.

Kiangazi kilichopita, alfajiri, walinigongea mlango hapa Nyantende. Jirani alikuwa amebeba mtoto mgongoni, nyuma yake mama na watoto wawili wengine wanayumba kama watu waliokunywa pombe. Mama alisema kichwa kinapasuka, watoto wametapika usiku kucha, na yule mdogo haamki. Alifikiri ni malaria, au sombe ya jana. Nikapima joto la mwili: hakuna hata mmoja mwenye homa. Watu wanne wa nyumba moja, maumivu yale yale, usiku mmoja, bila homa. Nikauliza, "Mama, mlilala na moto?" Akajibu ndiyo. Waliingiza mbabula chumbani juu ya baridi, makala yakiwa mekundu bila moshi, wakafunga dirisha.

Tuliwakimbiza hospitali wakapewa oksijeni. Mdogo alifungua macho karibu saa sita mchana. Baba alikuwa kazini zamu ya usiku. Aliporudi nikamuuliza juu ya nini mbabula iliingia chumbani. Akasema faktire ya umeme ilimshinda, basi alichukua resho akaifungia kabatini, na mama akarudi kwenye makala.

Siandiki haya ili kumcheka. Baba yule alijua jambo moja ambalo wengi hawajui: resho ndiyo inayokula umeme. Kosa lake lilikuwa namna ya kuiondoa. Tuanze na hesabu, halafu tutarudi kwenye mbabula.

Kila chombo cha umeme kina kibandiko nyuma au chini, chenye herufi W. Hizo ni wati, yaani nguvu inayovutwa chombo kikiwa kinawaka. Zidisha wati kwa saa unazotumia, gawanya kwa 1000, utapata kilowati-saa. Hiyo ndiyo inayohesabiwa na konteri. Resho ya wati 1500 ikiwaka saa 4 kwa siku inakula kilowati-saa 6. Kwa siku 30 ni 180. Televisheni ya wati 80, saa 5 kwa siku, ni 12 tu kwa mwezi. Ampuli ya zamani ya wati 60 ndani ya nyumba, saa 5, ni 9. Ile ya nje inayolinda nyumba usiku mzima, saa 12, inafika karibu 22. Ukiibadilisha kwa ampuli ya LED ya wati 9, inashuka mpaka chini kidogo ya 3 na nusu, na mwizi anaonekana vile vile.

Na simu? Chaja ya wati 5 kwa saa 3 kila siku haifiki nusu ya kilowati-saa kwa mwezi mzima. Umeme ambao resho inakula kwa siku moja ungetosha kuchaji simu hiyo zaidi ya mwaka. Kwa hiyo, baba, acha kugombana na watoto juu ya chaja. Angalia kitu chochote kinachotoa joto: resho, pasi, chuma cha kuchemshia maji. Hapo ndipo franka zako zinapotokea mlangoni.

Sasa tuseme ukweli mmoja ambao wengine wanauficha. Kuna nyumba nyingi za SNEL zisizo na konteri, zinalipa kiasi kile kile kila mwezi. Kama wewe ni mmoja wao, ukizima ampuli yako leo faktire haitashuka. Lakini usifunge gazeti. Umeme wetu wa Bukavu na pembeni unatoka mto Ruzizi: mtambo wa Ruzizi I unafanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950, na Ruzizi II, uliozinduliwa 1989, tunaugawana na Rwanda na Burundi. Toka wakati ule vilima vimejaa nyumba. Jioni, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu, kila mama anawasha resho kwa wakati mmoja, na wote mko kwenye kabine moja. Umeme unashuka, na hasara yake inaingia nyumbani kwako hata kama faktire haibadiliki.

Hasara gani? Resho imetengenezwa kwa volti 220. Volti zikishuka mpaka 160, joto lake halipungui kwa robo tu, linashuka karibu na nusu. Maharagwe yaliyohitaji saa mbili yatakaa saa nne na zaidi, na muda wote huo sufuria inapoteza joto hewani. Friji ni mbaya zaidi. Mota yake ikikosa volti inashindwa kuzunguka vizuri, inavuta mkondo mwingi, inapata moto na mwisho inaungua. Ukisikia friji inanguruma bila kuanza, au ampuli ya zamani imekuwa nyekundu kama kaa la moto, chomoa friji mara moja. Umeme ukikatika, chomoa pia, na ukirudi ngoja dakika kumi kabla ya kuichomeka.

Na jambo la kukatika kwa umeme lina hatari ambayo ningependa kila nyumba iijue. Mama anapika, umeme unakatika, anaacha resho imewashwa na sufuria au nguo karibu, anaenda kulala. Saa nane ya usiku umeme unarudi, watu wote wako usingizini. Sufuria inakauka, nguo inashika moto, na nyumba za mbao zilizobanana zinafuatana. Wale wenye ndugu Kadutu wanajua moto unavyotembea pale. Umeme ukikatika, mkono wako wa kwanza uende kwenye resho, hata kabla ya kutafuta tochi.

Tena resho zetu nyingi ni zile za uzi uliojikunja, uko wazi juu ya tofali. Sufuria ya aluminiamu ikigusa uzi ule inakuwa na umeme nayo. Usikoroge bugali kwa kijiko cha chuma, tumia mwiko wa mti. Usisimame miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji. Na kile kiuzi chembamba cha fizibu kikikatika, usiweke msumari au waya mnene mahali pake. Kilikatika ili waya wa ukutani usishike moto.

Turudi kwenye chungu. Hapa kwetu tuko mita 1500 na zaidi juu ya bahari, na maji yanachemka karibu na nyuzi 95, siyo 100. Ndiyo sababu maharagwe ya Nyantende yanachelewa kuiva kuliko yale yanayopikwa Uvira. Kuongeza moto hakusaidii: maji yakishachemka hayaongezeki joto, yanaongezeka mvuke tu. Punguza moto, funika sufuria, na weka sufuria inayolingana na resho. Loweka maharagwe tangu jioni, asubuhi mwaga maji yale. Hilo peke yake linakata muda mwingi wa kupika. Mwenye uwezo anunue sufuria ya presha, maana ndani yake maji yanapita nyuzi 100.

Kuna pia kikapu cha kupikia, na hiki hakihitaji franka. Chukua kikapu kikubwa au karton, jaza majani makavu ya migomba na blanketi ya zamani, acha katikati nafasi ya sufuria. Maharagwe yaliyolowekwa yachemke kwa nguvu dakika 30 kamili, halafu funika vizuri, tia ndani ya kikapu, funika na blanketi juu. Yataendelea kuiva yenyewe saa tatu au nne bila moto. Mimi hufanya hivyo siku za kazi, na mke wangu alicheka wiki ya kwanza tu.

Lakini nisikilize kwa makini. Zile dakika 30 usizipunguze. Maharagwe, zaidi yale mekundu, yana sumu inayovunjika kwa kuchemka kwa nguvu tu. Yakipata joto la nusu-nusu, yanatapisha watu na kuharisha. Yakitoka kikapuni, yachemshe tena kabla ya kula, na usiyaache humo mpaka kesho yake, kwa sababu chakula cha uvuguvugu ni kitanda cha vijidudu. Sombe usiiweke kikapuni, ipike kwenye moto mpaka iive kabisa.

Maji ya kuoga: jaza bidoni asubuhi, uiweke mahali penye jua, mbali na upepo. Jioni yanakuwa yametoka kwenye baridi, na utahitaji moto kidogo tu. Pasi: kusanya nguo za wiki, zipige siku moja, maana kila ukianza upya unalipia joto la kwanza.

Sasa mbabula. Mbabula inapika vizuri sana, ila pahali pake ni nje au jikoni penye hewa inayopita. Makala yanayowaka yanatoa hewa inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, wala haichomi macho. Watu wanadanganyika wanaposema, "Makala yameshakuwa mekundu, hayana moshi tena." Hewa hiyo iko hata hapo. Ikiingia mwilini inashika damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, inakaa kwenye kiti chake na haitaki kutoka. Damu inazunguka bila kubeba kitu. Kichwa kinauma, miguu inalegea, unasikia kutapika, halafu usingizi mzito. Mtu anayelala hasikii dalili hata moja. Mtoto na mama mjamzito wanashikwa haraka zaidi.

Ukikuta watu wa nyumba moja wanaumwa kichwa pamoja bila homa, na kulikuwa na moto ndani, usianze kutafuta vidonge vya malaria. Fungua mlango na madirisha, vuta watu nje kwenye hewa, toa mbabula, halafu leta watu kwetu au peleka Hospitali ya Nyantende hata kama wanasema wamepona. Asiyeamka umlaze kwa upande na usimpe maziwa wala mafuta. Maziwa hayaondoi hewa hii. Yanaweza kumziba pumzi tu. Juu ya baridi ya Juni na Julai, ongeza blanketi, laza watoto pamoja, jaza maji ya moto katika chupa iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa.

Kwa wenye konteri, jambo la mwisho. Andika namba yake tarehe moja asubuhi na tena tarehe moja ya mwezi unaofuata, toa ndogo kwa kubwa, ulinganishe na faktire. Siku moja chomoa vyombo vyote na kuzima ampuli zote, halafu angalia konteri dakika chache. Ikiendelea kutembea, kuna waya unaovuja au kuna mtu amejiunga kwako. Usipande kutafuta mwenyewe, ita fundi.

Wanaotaka tupige hesabu pamoja walete namba zao mbili dispensari, pamoja na wati za resho yao. Niko kila siku baada ya saa nane mchana, isipokuwa Alhamisi, siku ya chanjo ya watoto.