Mche Ukimwagiliwa, Nani Kabeba Ndoo?

Utemini ni kata ya Manispaa ya Singida, na ikifika jioni majiko ya mkaa yanawashwa kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania. Mkaa huo haukuchomwa mjini. Umetoka vijijini, na kila gunia linapoondoka, anayeanza kuona pengo ni yule binti anayetumwa kuni. Mwaka jana aliokota karibu na mashamba. Mwaka huu inambidi avuke mlima.

Hapo ndipo miti na shule vinapokutana. Katika kaya nyingi za vijijini kuni na maji ni kazi ya mama na binti zake, na saa zinazopotelea porini haziondolewi kwenye kupika wala kulea wadogo. Zinaondolewa kwenye masomo. Serikali ilifuta ada mpaka kidato cha nne mwaka 2016, ikaenda mpaka kidato cha sita mwaka 2022. Kuni, hata hivyo, hazifutwi kwa waraka.

Miti inapandwa, hilo halina ubishi. Kila halmashauri ilipewa lengo la miche milioni 1.5 kwa mwaka, na kampeni ya Soma na Mti ikamtaka kila mwanafunzi apande wa kwake. Tatizo ni kalenda. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti huangukia tarehe 1 Aprili, wakati Singida mvua ni za msimu mmoja tu, zinaanza Novemba au Desemba na Aprili zinaaga. Mche uliopandwa siku hiyo unakaribishwa na miezi ya kiangazi. Viongozi wakishapiga picha wakaondoka, ndoo ya kuumwagilia inabebwa na nani? Mara nyingi ni binti yuleyule wa kuni. Tumemwongezea kazi kwa jina la kumsaidia.

Wangari Maathai aliliona jambo hili mapema. Alipoanzisha Green Belt Movement nchini Kenya mwaka 1977, alianza na shida ambazo wanawake wa vijijini walikuwa wakizitaja wenyewe: kuni ziko mbali, mito inakauka, chakula hakitoshi. Vikundi vya wanawake vilikuza miche na kulipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika. Kilichohesabiwa ni miti iliyo hai, na malipo yakaingia mikononi mwa akina mama, ambao ndio wanaoulizwa daftari na sare. Maathai mwenyewe alikuwa binti wa kijijini Nyeri aliyepelekwa shule kwa sababu kaka yake alihoji kwa nini dada abaki nyumbani. Mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Kijiji cha Piplantri, katika jimbo kame la Rajasthan nchini India, kilikwenda mbali zaidi. Tangu 2006, akizaliwa mtoto wa kike hupandwa miti 111. Wanakijiji wanachanga, wazazi nao wanaongeza, fedha zinawekwa benki kwa jina la mtoto, na wazazi wanatia saini kwamba watamsomesha na hawatamwoza kabla ya umri wa kisheria. Mti peke yake haumzuii baba kumwoza binti mapema. Saini ile na akaunti ile ndizo zinazombana.

Kwa Singida, njia nyepesi kuliko zote huenda haihitaji ndoo kabisa. Katika mkoa jirani wa Dodoma, shirika la LEAD Foundation limekuwa likieneza Kisiki Hai tangu 2018 pamoja na Justdiggit ya Uholanzi. Mkulima anatafuta visiki vilivyokatwa zamani ambavyo mizizi yake bado ina uhai, anachagua machipukizi machache yaliyonyooka, anapogolea mengine, kisha analinda yaliyobaki dhidi ya mbuzi. Matawi yanayopogolewa yanageuka kuni papo hapo, tena shambani kwake.

Ulinzi nao Singida haujaanza leo. Katikati ya miaka ya 1990 vijiji vinavyouzunguka msitu wa Mgori vilikabidhiwa jukumu la kuusimamia, vikaweka sheria ndogo na walinzi wao wenyewe, na msitu uliokuwa ukivamiwa ukaanza kupumua.

Linabaki suala ambalo mikutano ya kijiji hulipita haraka: mti ni wa nani? Kwa desturi nyingi za huku, anayepanda mti wa kudumu anajiwekea alama ya kumiliki ardhi, kwa hiyo mwanamke akipanda mwembe shambani kwa mume anaweza kuulizwa ana nia gani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa haki sawa ya kumiliki. Jina lake likiandikwa kwenye hati ya kimila, nguzo zitakazokatwa kwenye miti yake miaka kumi baadaye, binti akiitwa kidato cha tano mkoa wa mbali, ataziuza yeye.