Fahamu: Kwa nini kinanda cha kompyuta huchelewa kulia

Singeli, muziki wa uswahilini Dar es Salaam uliovuka mipaka mwaka 2017 kwa albamu ya Sounds of Sisso, hukimbia kwa mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Kwa kasi ya 200, pigo moja ni milisekunde 300 tu, na robo yake 75. Sasa prodyuza wa mji wa Kibaigwa akibonyeza kibodi, ngoma ikalia milisekunde 100 baadaye, hapigi tena muziki; anaukimbiza.

Chanzo kikubwa ni bafa. Kompyuta hukusanya sampuli za sauti kwa mafungu kabla ya kuzipeleka kwenye spika. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 1,024 hula milisekunde 23; ya 128 hula 3 hivi. Hizo 3 ni sawa na muda ambao sauti ya ilimba, ala ya muziki ya Wagogo, hutumia kusafiri mita moja hadi sikioni. Hakuna mpigaji anayeulalamikia.

Basi bafa ipunguzwe? Ndiyo, ila kwa kiasi: ikiwa ndogo mno, prosesa huzidiwa na sauti hukwaruza.

Kwenye Windows, dawa ya kwanza ni draiva ya ASIO, mfumo wa kampuni ya Steinberg, kwa sababu huikwepa njia ndefu ya sauti ya Windows yenyewe. Asiye na kadi ya sauti ya nje anaweza kujaribu ASIO4ALL, ya bure. Hefoni za Bluetooth ziwekwe kando kabisa. Mara nyingi zenyewe huongeza milisekunde 100 au zaidi, hivyo za waya, hata za bei ndogo, huzishinda. Wakati wa kumiksi bafa irudishwe juu, maana hapo hakuna anayepiga kinanda.